Hataza ya Mtungi wa Kunawia

Kesi niliyoifurahia zaidi mwaka ule wa korona haikufika mahakamani. Nilikuwa wakili mjini Meru, mahakama zimefungwa, na wateja wangu wote wamegundua kwamba wanaweza kuishi bila mimi. Ndipo shangazi yangu akanipigia simu kutoka Kanja.

Yeye ni dada mkubwa wa baba, mkulima wa kahawa na mwenyekiti wa chama cha akina mama tangu nikiwa mtoto. Sisi humwita tata.

"Wewe si ulisomea sheria?" akaniuliza.

"Ndiyo, tata."

"Basi kuja. Kuna mtu hapa anasema kukanyaga ni kwake."

Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile, kisha akakata simu.

Njiani nilikumbuka mitungi yake. Serikali ilipoagiza kila mlango uwe na maji na sabuni, tata alichimbia nguzo mbili mbele ya kanisa, akaning'iniza mtungi wa plastiki katikati, akafunga kamba shingoni mwa mtungi na kuishusha hadi kwenye kipande cha ubao chini. Ukikanyaga ubao, mtungi unainama, unanawa bila kugusa chochote. Chama kizima kikaingia kazini. Waliuzia makanisa, maduka, hadi baa zilizokuwa zimefungwa lakini bado zina wateja.

Mwenye kukanyaga alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Meru mjini. Alikuwa amekuja Kanja kwenye mazishi ya upande wa mkewe, akanawa, akapiga picha. Baada ya muda akaanza kuuza mitungi yenye miguu ya chuma, na ubavuni imeandikwa kwa rangi nyekundu: HATAZA IMETOLEWA. USIIGE. Hataza ni cheti cha serikali kinachompa mvumbuzi haki ya kuzuia wengine wasitengeneze kitu chake. Sasa alikuwa amekuja kuwazuia akina mama.

Nilimkuta kwenye uwanja wa kiwanda cha kahawa, ameketi kwenye benchi peke yake, barakoa kidevuni. Tata alikuwa benchi la pili, mbali naye kuliko serikali ilivyoagiza.

"Wakili, mimi sina ubaya na mama," fundi akasema. "Lakini kitu cha mtu ni cha mtu. Hata sheria inasema."

"Inasema," nikakubali.

Tata akaniangalia kama mtu aliyeita daktari akaletewa mgonjwa mwingine.

Nikaeleza kwamba hataza hutolewa kwa kitu kipya tu. Kama watu walikuwa wanakijua na kukitumia kabla hujapeleka maombi, iwe hapa au ng'ambo, hakuna wa kukupa.

Tata alikuwa akingoja hapo tu. Akapiga makofi mara moja. Kutoka nyuma ya ghala wakatokea akina mama wa chama, kila mmoja amebeba mtungi wake mkuukuu: uliopauka kwa jua, ulioota kuvu, uliokatika mshikio. Mwalimu mstaafu akatua wake mbele ya fundi na kusema ulikuwa kwenye choo cha shule tangu ule mwaka wa kipindupindu, na kamba yake ilitafunwa na mbuzi. Fundi akaukagua, akapandisha barakoa hadi machoni.

Mtungi mmoja katika msafara ule ulinitia shaka. Ulikuwa umepakwa matope mabichi, na chini yake karatasi ya bei ilikuwa bado imebandikwa.

"Tata," nikanong'ona, "ule urudishe."

"Upi?"

"Unaujua."

Akaurudisha bila haya yoyote, akisema ulikuja kusindikiza wenzake.

"Sawa," fundi akasema, "lakini hizi ni za kamba. Yangu ni ya chuma na ina springi."

Hapo alikuwa na haki. Nikaujaribu wa kwake: kanyagio lilirudi lenyewe, na maji hayakumwagika viatuni kama kwa ule wa tata. Nikamwambia huenda springi ile ingempatia ulinzi fulani, japo mdogo. Nikamwuliza maombi yake yamepewa namba gani.

Akatazama viatu vyake. "Bado sijapeleka."

"Na haya maandishi mekundu?"

"Kijana anayenichorea alisema watu wataheshimu."

Wa kwanza kucheka alikuwa tata. Fundi akajaribu kununa, akashindwa, akacheka pia, na nadhani hapo ndipo kesi ilipoisha. Lakini tata hakuwa tayari iishe, kwa kuwa alikuwa na hotuba.

"Redio inasema nchi yetu na zingine zimeomba wenye chanjo walegeze hataza zao mpaka ugonjwa uishe. Wazungu wa chanjo tunawaomba walegeze, na wewe wa springi unakaza?"

Nikaongezea kwamba hata sheria yetu inairuhusu serikali, afya ya umma ikiwa hatarini, kutumia kitu chenye hataza bila idhini ya mwenyewe, mradi alipwe fidia.

Fundi akainua kichwa. "Analipwa nani?"

"Mwenye hataza."

Akakiinamisha tena.

Walikubaliana mbele ya uji: yeye atengeneze vyuma na springi, chama kiuze, na maandishi mekundu yakwanguliwe. Nilirudi Meru nikijiona mpatanishi mkubwa.

Haukupita muda tata akapiga tena. Chama kilikuwa kimeanza kuchora ua la manjano kwenye kila mtungi, na sasa wauzaji wa soko moja huko Meru walikuwa wanachora ua hilohilo.

"Washitaki," akasema.

"Tata, si ulisema wakati wa ugonjwa watu waachiwe waige?"

"Niliongea juu ya kukanyaga. Ua halinawishi mtu mikono."

Nikampelekea serikalini maombi ya alama ya biashara, ili ua lile liwe la chama peke yake. Ilipokubaliwa, alizunguka Kanja nzima akiwaambia watu kwamba maua ya manjano sasa ni yake, na mimi nikalazimika kwenda kuwaeleza majirani kwamba wanaweza kuendelea kupanda alizeti.

Leo watu hawanawi tena. Mitungi imerudi kuteka maji, na fundi amerudi kuchomelea mageti. Juzi alinipigia akisema ametengeneza mashine ya kupasua njugu za makadamia bila kuponda kiini, na safari hii anataka hataza ya kweli.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Jambo la kwanza, usimwonyeshe mtu yeyote."

"Sijaonyesha mtu, wakili. Ni wale akina mama wa Kanja tu."

Nikamwambia aje ofisini asubuhi. Sheria humpa mvumbuzi mwaka mmoja wa kupeleka maombi tangu aonyeshe kitu chake mwenyewe, lakini wale akina mama sijui watampa muda gani.