Miguu ya Chatu wa Beni

Mama yangu alikuwa mwalimu wa biolojia. Wakati wa vita ya pili ya nchi yetu, waasi walipokuwa wakinyang'anyana miji yetu, yeye na mimi tulitoka Butembo tukashuka Beni juu ya lori la magunia ya maharage. Shule moja ya Waprotestanti ilikosa mwalimu, maana wa kwanza alikimbilia Uganda. Baba alibaki na wadogo zangu kulinda nyumba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na darasani nilipaswa kumwita mama "Madame" kama wenzangu wote.

Wanajeshi walikuwa wamelala katika shule ile, wakachoma nusu ya madawati kupikia. Wengine tulikaa chini. Mama alikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada, na ndani yake mlikuwa na picha aliyoipenda: mjusi wa kale aliyegeuka jiwe, mwili mrefu kama mkanda, miguu ya mbele midogo mno.

"Huyu aliishi baharini, zamani sana, watu hawajakuwapo," alitueleza. "Mifupa yake inaonyesha kwamba mijusi iliweza kurefuka mwili na kupungukiwa miguu. Hilo lilitokea mara nyingi, katika koo mbalimbali. Na nyoka naye ametoka kwa mijusi."

Msichana mmoja akainua mkono. "Madame, donc huyu ndiye babu ya nyoka?"

"Hapana. Sema ni kama mujomba yake. Babu mwenyewe tungali tunamutafuta."

Darasa likacheka. Lakini neno lilitoka shuleni likapita sokoni, na kufikia siku ya Mungu lilikuwa limegeuka: Madame wa Butembo anafundisha kwamba Mungu hakuumba nyoka.

Mkubwa wa komite ya wazazi alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa kakao upande wa Oicha. Ndiye aliyetupa chumba katika kiwanja chake. Msichana aliyeuliza swali alikuwa binti yake. Baada ya ibada mzee alikuja mlangoni kwetu na kofia mkononi.

"Mama mwalimu, mutoto yangu ananiuliza mambo mpaka chakula inapoa. Wazee wataketi siku ya ine. Utakuja utuelezee."

"Nitakuja, papa."

Niliogopa. Wakitufukuza tutalala wapi? Juma lile barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mapigano. Mama alipasha moto pasi ya makaa, akanyoosha kitambaa chake cha kanisa.

Siku ya tatu ya juma, siku moja kabla ya kikao cha wazee, wafanyakazi wa mzee waliua chatu katika shamba la kakao. Walimleta amefungwa juu ya mti, watu wawili wakimbeba, wagawane nyama. Mama akatoka haraka. Akaomba kipande kimoja tu: pale ambapo tumbo linaishia na mkia unaanza.

"Utakula mukia?" mzee aliuliza.

"Nitaisoma, papa."

Kesho yake tuliingia kanisani na beseni lililofunikwa kwa jani la ndizi. Wazee watano walikuwa kwenye benchi. Mama hakuanza kwa maneno. Alifunua jani, akageuza kipande cha chatu tumbo juu, akawaonyesha vitu viwili vyeusi, vidogo, kimoja kila upande wa tundu la choo.

"Papa, gusa hapa."

Mwenyeji wetu alisita, kisha akanyoosha kidole. "Iko kucha," akasema.

Mama akachukua wembe. Alikata polepole, akaondoa nyama, akachomoa kijifupa chembamba, akakiweka juu ya jani.

"Huu ni mufupa ya paja."

"Nyoka na paja!" mmoja akashangaa. Wote wakainama kutazama.

Mzee aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote akasema kwa sauti ndogo, "Kwa tumbo utakwenda. Basi Mwanzo inasema kweli. Kabla ya laana alikuwa na miguu."

Wakamgeukia mama. Nilifurahi. Nilijua akisema ndiyo, mambo yamekwisha, tunarudi nyumbani kupika.

"Papa, sitakudanganya," mama alisema. "Hii sikuitoa mu Mwanzo. Nimeitoa mu mifupa. Mifupa inasema miguu ilipunguka pole pole, kizazi kwa kizazi. Ya laana, muulize pastor."

Nilitazama miguu yangu mwenyewe. Kisha mwenyeji wetu akauliza, na nikasikia kwamba anauliza kwa kutaka kujua:

"Na kenge? Yeye iko na miguu yote ine."

"Kenge alibaki nayo, papa. Anapanda, anaogelea, anakimbia, inamusaidia. Mwenye kupita mu mashimo na mu majani mazito, miguu inamuzuia. Ukoo moja, lakini kila mutoto na njia yake."

Mwenyeji wetu akacheka. "Hata kwangu ni hivyo. Ndugu yangu hawezi kushika jembe." Akawatazama wenzake, hakuna aliyepinga. "Fundisha, mama mwalimu. Lakini bafundishe kusoma mifupa, hapana kubishana na pastor."

Mama akainamisha kichwa. Tulipofika njiani aliniambia, "Ile ya mwisho sikukubali. Nilinyamaza tu." Nilikuwa najivunia mama yangu, na papo hapo naona haya, kwa kuwa mle kanisani nilitamani aseme uongo.

Alifundisha Beni mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Barabara ilipofunguliwa, mzee alitusindikiza hadi kwenye lori, akatupakilia mkungu wa ndizi. Sijui kama aliamini habari ya mijusi. Hakuisema tena, isipokuwa binti yake alipomlazimisha mezani. Mama alipokwisha kupanda, mzee akaniuliza kama nami nitakuwa mwalimu wa biolojia.

"Hapana, papa. Nataka kuuza vitambaa."

Alicheka hadi akajishika ubavu. Leo nina duka la vitambaa Butembo, na wateja wangu wengi ni walimu.