Jina Lililoendelea Kupima Tumbaku

Jambo lote lilinigharimu disketi tatu, nauli ya Namtumbo kwenda na kurudi, na jogoo mmoja wa rambirambi. Nimehesabu mara mbili. Jogoo nilimshusha bei mpaka mwuzaji akaniuliza kama nataka na nauli aniongezee.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia kwenye tumbaku, niliajiriwa na kampuni ndogo ya programu za kompyuta ya Dar es Salaam. Wao watatu kule. Mimi peke yangu huku kusini, chumbani kwangu Ruhuwiko, na kompyuta, simu ya mezani na mgao wa umeme. Ofisi yao sikuwahi kuiona. Kazi ilikuja kwa simu, na kwa disketi zilizokabidhiwa kondakta wa basi ndani ya bahasha.

Mteja wangu mmoja alikuwa ghala la tumbaku Namtumbo. Mkulima akipimiwa mzigo, karani aliuingiza kwenye programu yetu, nayo ikaandika jina la karani pembeni ya mstari. Niliwafundisha mwenyewe: kila mtu na jina lake, kila jina na neno lake la siri, hakuna kuazimana.

Karani wa pale alifariki mwanzoni mwa msimu wa ununuzi. Tulizoeana kwa simu. Kila nilipomsomea jumla mara ya pili, alinicheka: "Mtaalamu, hata mashine yako mwenyewe huiamini?"

Wiki ya nne baada ya mazishi ikaja disketi kutoka ghalani. Mistari arobaini na mmoja, yote ya wiki ile, yote kwa jina lake. Nikahesabu tena: arobaini na mmoja. Na baada ya kila jina la mkulima, nafasi mbili badala ya moja, kosa lake ambalo nilishindwa kumwachisha. Nikadhani ni virusi, nikanakili kwenye disketi mpya tatu. Zote zilisema vile vile.

Nikapiga simu ghalani. Saa nne asubuhi, jua kali.

"Haloo, nani mwenzangu?" nikauliza.

Akajitaja. Jina lile, sauti ile. "Mtaalamu, umeshahesabu mara mbili?"

Nilirudisha simu taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kisha nikampigia bosi Dar es Salaam.

"Wakaguzi wa mteja wanakuja Jumatatu," alisema. "Wakikuta marehemu anapima tumbaku, mkataba umekwisha, na kazi yako imekwisha. Mfute."

Kesho yake nilikuwa Namtumbo na jogoo kwapani. Kwenye kiti cha karani alikaa mwanamke mwenye mwanya ule ule wa marehemu, niliouona siku za mafunzo. Nikamgeukia mzee wa mizani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyo ni mdogo wake. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulimpa jina la dada yake. Watoto wa marehemu wanamwita mama, sisi tunamwita karani. Wewe ulitwambia kila jina lina neno lake la siri. Neno lilikuwa kwenye droo. Tungempa nani mwingine?"

Mafunzo yalikuwa yangu.

"Na kompyuta alifundishwa na nani?"

Mzee akatazama mizani. "Alikaa tu, akaanza."

Nikajaribu kupatana na mwanamke. "Dada, tukuandikishe kwa jina lako la kuzaliwa."

"Lile halina mtu tena."

"Basi hili hili, tuongeze namba mbili mwishoni."

"Mimi si wa pili." Alisema bila hasira, huku akimpokea mkulima na kumwuliza kama mguu umepona. Mkulima akajibu kwamba umepona, tangu siku ile walipoongea msimu uliopita. "Ukinifuta, mtaalamu, wanangu wataambiwa nimekufa tena. Mara moja imewatosha."

Nikakaa mbele ya mashine, nikafungua orodha ya majina, nikachagua lake na kubonyeza futa. Programu ikaniuliza kama nina uhakika. Swali hilo nililiandika mwenyewe. Pumzi ya mwanamke ilikuwa begani kwangu, ya baridi katika joto lile la mabati.

Nikavuta simu ya ghala, nikampigia bosi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bosi, naomba ushauri," nikasema. "Yuko nyuma yangu, anangoja aone nitabonyeza nini. Wewe ungebonyeza nini?"