Bei Bila Mnunuzi

Pale kwenye mnada wa vyombo vilivyotumika, dalali watu walimwita Mara ya Tatu. Ni kwa namna alivyoyatamka maneno hayo: polepole, nyundo ikiwa hewani, macho yamekuganda wewe peke yako, mpaka unashtukia umenunua kabati ambalo halipiti mlangoni kwako.

Siri yake nusu ya mtaa waliijua. Nyuma ya majokofu alisimama binamu yake, mtu mrefu, mpole, mfukoni hana hata nauli. Dalali akikohoa, binamu anainua mkono. Mnunuzi wa kweli akiona kitu kinagombewa, naye moto unampanda, anaongeza. Hapo binamu anageuka kama hayupo.

"Simwibii mtu mimi," Mara ya Tatu alikuwa akisema. "Namsaidia kujua anakitaka kiasi gani."

Basi baba yake Mara ya Tatu akafariki, nyumba ikauzwa, na fungu la mdogo wake wa kike likabaki mikononi mwa kaka mtu. Dada huyo alikuwa fundi cherehani. Miaka yote alishona kwenye baraza za watu, na kila mwenye baraza akiamka vibaya, yeye anafungasha. Ndoto yake ilikuwa moja tu: chumba cha mbele kwenye jengo linalotazamana na mnada. Mwenye jengo alimwambia asubiri kidogo, mpangaji ahame.

Wakati wa kusubiri ndipo kaka alipoleta akili zake. Ajabu ya huyu bwana, dalali mzima, hakuwaamini madalali! Aliposikia kuna soko la sarafu za mtandaoni lisilo na meneja wala karani, programu tu, unaweka sarafu zako, watu wanakopa kwa rehani, wewe unapata faida, alicheka mpaka meno ya mwisho.

"Hakuna mkono wa mtu humo," alimwambia mdogo wake. "Mashine haina binamu."

"Kaka, mimi hayo siyajui. Ukisema ni sawa, basi ni sawa."

Laiti angebisha! Lakini angebishaje, naye tangu utotoni kaka ndiye aliyemvusha barabara?

Fungu lake lote likaingia humo. Faida ikaonekana kwenye simu, na Mara ya Tatu akawa anaitazama hata akiwa mezani. Halafu asubuhi moja akafungua, akakuta pamefagiwa. Alikimbilia kwa fundi simu wa jirani, yule aliyemfungulia akaunti. Kijana wa watu akasoma, akasoma tena, akaweka bisibisi chini.

"Mzee, mmepigwa. Kuna sarafu moja ya ovyo, hata wanunuzi haina. Mtu kakopa pesa nyingi za kurudisha dakika ile ile, akainunua kwa fujo, mwenyewe kwa mwenyewe. Bei ikapaa. Mashine yenu inatazama bei tu, haiulizi nani kaipandisha. Ikamwona huyo ni tajiri. Akaweka takataka zake rehani kwa bei hiyo ya juu, akabeba sarafu zenu zote. Bei imeporomoka, yeye kashaondoka."

"Alikuwa anajinunulia mwenyewe?"

"Mwenyewe kwa mwenyewe."

Mara ya Tatu alikaa kwenye kigoda cha wateja. Kumbe mashine nayo ilikuwa na binamu! Mkuki kwa nguruwe mtamu, jamani. Watu wote wangeweza kusamehewa kwa kutouliza bei inatoka wapi, lakini siyo yeye. Aliona aibu, akalia mbele ya mtoto wa watu.

Alipomwambia mdogo wake, dada hakupiga kelele. Alimaliza pindo alilokuwa akishona, akakata uzi, kisha akasema, "Kile cha mbele basi tena."

Chumba cha mbele kikachukuliwa. Mwenye jengo, kwa huruma, akamwekea chumba kidogo cha nyuma, ila kodi ya kuanzia aione siku ya mnada unaofuata kabla hajafunga ofisi. Dada akaamua kuuza cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi, abaki na ile ndogo. Akaileta kwa kaka yake.

Mara ya Tatu alikuwa ameapa kuacha mchezo wake, na binamu siku hiyo alikuja kusalimia tu. Fundi mabegi mmoja alikuwa ameifuata cherehani ile ile. Aligeuza gurudumu lake, akaridhika, akataja bei. Kwa kubembelezwa na dalali akapandisha kidogo, akafika palepale penye kodi ya chumba. Dada, aliyesimama mlangoni, akashusha pumzi.

Nyundo ilikuwa hewani. Lakini moyo wa kaka ulikuwa unamla: amempotezea mengi, leo amrudishie hata kidogo. Akakohoa.

Binamu, kwa mazoea, akainua mkono. Fundi mabegi akaongeza. Dalali akakohoa tena, mkono ukapanda tena. Fundi akamtazama yule mrefu, akaitazama cherehani, akarudisha pochi mfukoni na kutoka.

Mara ya Tatu alimfuata mpaka barabarani, nyundo bado mkononi. "Ndugu yangu, rudi! Chukua kwa ile bei niliyokuinulia nyundo!"

"Muuzie yule mrefu, si anaitaka," akajibu fundi, bila kusimama.

Aliporudi, dada alikuwa mbele ya binamu. "Binamu, pesa unayo?"

Binamu akainama, akatazama viatu vyake.

"Kaka," akasema dada, sauti ya chini, "mimi sikukuomba bei. Nilikuomba mnunuzi."

Dada aliifunika cherehani, akashika upande mmoja, na kaka akashika upande mzito. Walipokuwa wakipita kwenye ujia wa jengo lile la ng'ambo, mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, na mwenye jengo alikuwa akimwonyesha mtu mwingine swichi ya taa.