Matundu Manne ya Komeo

Komeo la chumba cha uani lilikuwa upande wa nje wa mlango. Naanza na hilo kwa sababu hata fundi alianza na hilo. Alikuja kutoka Ipuli na baiskeli, vifaa vyake kwenye gunia, akaung'oa mlango kwenye bawaba na kuuegemeza ukutani juani. Akautazama mbele, akautazama nyuma, halafu akaniuliza, "Bibi, hiki kilikuwa chumba cha mbuzi?"

Nikamwambia, "Cha mdogo wangu."

Fundi akainamia gunia lake na kuanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini majina sisahau. Mninga wa mlango ule, ninalo jina la aliyeuangusha porini, la aliyeupasua mbao, na la aliyezileta kwa mkokoteni mpaka kwa marehemu baba hapa Cheyo. Na wanaume watano walioingia chumbani siku ile, majina yao ninayo yote. Hapa sitaandika hata moja. Baadhi yao wajukuu zao wananiamkia njiani, na wote walidhani wanatenda wema. Hata mimi nilidhani hivyo. Aliyekuwa anasukuma lile komeo jioni na kulivuta asubuhi ni mimi.

Mdogo wangu aliugua akili akiwa kijana wa kuoa. Alikuwa anatoka usiku kwenda relini, anatembea katikati ya reli anaongea na watu asiowaona. Ukoo ukakaa kikao. Ikaamuliwa alale chumba cha uani, afungwe kwa nje, asije akagongwa na treni. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu alikuwa ananisikiliza mimi tu. Akafungwa masika nzima. Siku moja akaupiga mlango teke kwa ndani mpaka mbao ikapasuka kutoka kwenye kitasa hadi chini, na wale watano wakaingia na mtaimbo wakidhani ana silaha. Alikuwa na kikombe cha bati.

Akapelekwa hospitali, akapewa dawa, akapona. Nasema akapona kwa sababu mpaka leo anameza vidonge vyake mwenyewe na analima kuliko wenye akili zao. Lakini nyumbani hakurudi. Alikwenda upande wa Kipalapala, akapanga chumba, akalima kabichi na nyanya. Miaka yote hiyo tunakutana kanisani. Ananiamkia, anauliza magoti yangu yanaendeleaje. Nikisema, "Njoo basi siku moja nyumbani," anaanza kukagua matairi ya baiskeli yake.

Mwaka huu nilianguka bafuni, nikalala pale chini mpaka jirani akaja kuomba moto. Mdogo wangu akasikia, akanipigia simu. "Dada, nitakuja kulala siku moja. Nikiamka vizuri, nitahamia." Tumbo la mama yetu lilitoa watoto saba. Tumebaki mimi na yeye.

Ndipo nikamwita fundi. Ule mlango ulikuwa umefungwa waya tangu siku ile.

"Weka wa chuma tu, bibi," fundi akasema. "Siku hizi wote wanaweka chuma."

"Chuma! Kwa mtu huyu? Nautaka huuhuu wa baba. Lakini uutengeneze mtu akiuona asiujue."

Alifanya kazi nzuri, siwezi kumsingizia. Ule mpasuko aliumiminia gundi, akauzungushia kamba na kuikaza kwa kijiti mpaka mbao zikarudiana. Akaupiga randa. Akang'oa komeo la nje, akaweka jingine dogo upande wa ndani. Palipokuwa na komeo pakabaki matundu manne ya skrubu. Akachanganya gundi na unga wa mbao, akayaziba. Kazi ya msasa nikaifanya mwenyewe, kwanza ule unaokwaruza, kisha ule laini, napiga chafya na vumbi la mninga, vidole vinawaka. Kila nikipitisha kitambaa cha maji, matundu yananitokea. Manne, meusi kuliko mbao.

"Hayatapotea hayo," fundi akasema. "Ule unga unanyonya kuliko mbao. Yaache, ni mlango mzee. Sasa sikiliza, bibi. Vanishi nimepiga mara mbili, inatosha. Pembeni usipake, na huu mlango usiufunge mpaka zipite siku mbili. Mvua hizi vanishi haikauki upesi. Kitasa sijakipata, nitakuja nacho kesho." Akaurudisha kwenye bawaba, akaacha gunia lake kwangu, akaondoka.

Mdogo wangu alikuwa anakuja jioni ileile.

Nilikaa nikautazama ule mlango, matundu nayo yakanitazama. Nikaona vanishi imebaki kwenye kopo na brashi bado laini. Nikapaka mara ya tatu. Nikapaka ya nne. Nikasema uking'aa sana jicho litapotea. Na kwa kuwa mkono ulishashika kasi nikapitisha pembeni, nikapitisha na kwenye miimo ya mlango, kila kitu kikameremeta.

Akaja na baiskeli, mfuko mmoja na kabichi mbili. Alivuka uani taratibu kama anapita kwenye utelezi. Akasimama mbele ya mlango, akaupapasa kwa vidole. Vidole vilishuka, vikafika pale, vikasimama.

"Umepaka vizuri," akasema.

"Komeo liko ndani."

"Nimeona."

Tulikula ugali na mlenda. Akatoa kidonge mfukoni, akameza mbele yangu bila kuulizwa. Akaingia chumbani. Nikasikia lile komeo dogo likisukumwa, kwa mkono wake. Mimi nikalala meno yamekaza.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Nawasha jiko, nikasikia mlango unavutwa. Ukavutwa tena, kwa nguvu, kikalia kitu kama mfupa. Halafu sauti yake, chini kabisa:

"Dada. Umenifungia."

"Sijafunga! Komeo liko kwako huko!"

"Komeo ninalo mkononi. Nimelivuta limeng'oka. Mlango haufunguki."

Nikaweka bega nikasukuma. Bega la bibi wa miaka sabini na kitu linasukuma nini! Mlango haukutikisika. Harufu ya vanishi ikaniingia puani, nikajua nimefanya nini.

Jirani yangu wa kike alishasikia. Akamwita mumewe, na mumewe akaja mbio na mtaimbo. Alikuwa mtu mzima sasa, nywele nyeupe, lakini alikuwa mmoja wa wale watano.

"Sogea, dada," akaniambia. "Naupiga mara moja tu, unafunguka."

Ndani pumzi zikabadilika. Nilizisikia kwenye ubao.

"Ni yeye?" mdogo wangu akauliza.

"Ni yeye."

"Ana mtaimbo?"

Ningeweza kusema hana. Jirani mwenyewe alikuwa ananitikisia kichwa, niseme hana.

"Anao," nikasema. "Lakini hatautumia. Sikiliza. Hii ni vanishi. Nilipaka mpaka kwenye miimo ikiwa haijakauka, imegandisha mlango. Nilitaka usione matundu."

"Niliyaona jana," akasema.

Halafu akaanza kutembea. Hatua nne, anageuka, hatua nne. Hatua zile nilikuwa nazijua. Nilizihesabu masika nzima nikiwa upande huuhuu wa mlango.

"Dada, atavunja," jirani akaninong'oneza. "Atavunja au atajiumiza. Acha nisukume."

Nikakumbuka gunia la fundi. Nikalifungua nikatoa patasi, ile pana, aliyoinoa fundi juzi mpaka inanyoa unywele. Mke wa jirani akanishika kanga.

"Unampa chuma chenye makali? Mama, umesahau?"

"Mimi? Mimi nimewahi kusahau nini?"

Nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye dirisha. Lina nondo, mtu hapiti, lakini mkono unapita. Alikuwa katikati ya chumba, jasho linamtoka, komeo amelifumbata kwenye ngumi. Nikashika patasi upande wa makali, nikapenyeza mkono na kumwelekezea mpini.

"Chana pale mlango unapokutana na mwimo," nikasema. "Anzia juu, shuka. Utaachia."

Alitazama ile patasi. Akanitazama mimi. Muda ule ulitosha maharage kuiva.

"Wananiona nikiwa na hii?" akauliza.

"Wanajua. Wameniona nikiileta."

Akaja, akaipokea kwa mpini, taratibu, asinikate. "Kaa hapohapo dirishani," akasema. "Usirudi mlangoni. Nataka nikigeuka nikuone."

Nikakaa. Manyunyu yakageuka mvua, kanga ikanigandia mgongoni. Akaanza kuchana. Maganda ya vanishi yalikuwa yanaanguka membamba kama ya kitunguu. Kila baada ya kidogo anageuka, ananiona, anaendelea.

Nikapaza sauti kupita juu ya paa: "Jirani! Weka huo mtaimbo chini!"

Haukuja mlio wowote. Mdogo wangu akasimamisha mkono.

"Jirani! Niliyekwambia ni mimi, mwenye nyumba!"

Ndipo tukasikia chuma kikilazwa kwenye sementi. Mdogo wangu akavuta pumzi, akashuka mpaka chini kabisa ya mwimo, akapenyeza patasi, akabinua. Mlango ukalia, ukaachia.

Kutoka dirishani mpaka uani ni hatua ishirini, na kwa magoti yangu ni safari. Nilikwenda nimeshika ukuta, huku nasikiliza, na hakukuwa na cha kusikiliza. Wanaume wawili, patasi moja, mtaimbo chini. Nilipokata kona niliwakuta wametazamana, mmoja ndani ya kizingiti, mwingine nje.

"Umeamkaje?" jirani akauliza.

"Nimeamka nimegandishwa," mdogo wangu akasema.

Mke wa jirani akacheka bila kutaka, akajiziba mdomo kwa kanga. Mumewe akacheka kidogo, halafu akaacha, akasema, "Siku ile..."

"Kikombe," mdogo wangu akamwambia. "Nilikuwa na kikombe." Akamgeukia jirani wa kike akamjulia hali, kisha akanigeukia mimi niliyelowa. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Akairudisha patasi kwenye gunia la fundi. Lile komeo akaliweka juu ya mfuko wa mkaa, skrubu zake pembeni. Akanywa chai amesimama, akachukua baiskeli. Nilimshikia lango. Akiwa ameshapanda, akasema, "Hilo komeo usilirudishe."

"Nje sirudishi, ninaapa."

"Hata ndani."

Akaenda. Siku tatu sikupiga simu. Niliishika simu nikaiweka, nikaishika nikaiweka. Siku ya nne akaja na mkokoteni, godoro, majembe mawili, na kikapu cha miche ya kabichi.

Ule mlango sasa haufungiki. Mvua zimeuvimbisha, na pale alipochana pembeni pamebaki na makovu meupe. Matundu wanayaona hata wageni. Fundi aliyesema kesho alikuja na kitasa baada ya wiki, akakasirika, akataka kuupiga randa palepale. Mdogo wangu akamwambia asiuguse. Mbao ikipunguzwa masika, kiangazi itapwaya. Fundi akakubali kuwa hilo ni kweli, na kwamba bibi angesikiliza hivyo yasingetokea yote haya.

Kwa hiyo tunangoja kiangazi. Kwa sasa tumeuwekea tofali chini ili upepo usiupigize. Asubuhi nikipita kwenda jikoni naiona miguu yake kitandani.