Lugha Mpya Mlangoni kwa Bawabu

Mke wangu huigombeza kompyuta kwa adabu. "Wewe mashine, usinichezee," husema, kisha huvuta pumzi na kuanza upya. Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu iko dirishani, yake iko ukutani, na katikati ipo printa ninayochapia vipimo vya nguo, kwa hiyo ugomvi wao wote naupata bila kiingilio.

Anatunza kipande kimoja cha mfumo endeshi wa zamani, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, unaotumika katika ofisi na zahanati nyingi: kile kinachoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa. Kilikuwa na ugonjwa. Mtu akifuta kazi aliyoituma wakati printa inaichapa, mara nyingine kompyuta nzima inaganda. Watunzaji wenzake wakachoka na malalamiko, wakasema kisipopona kitaondolewa katika toleo lijalo. Jasho lake la miaka yote liende na maji hivi hivi! Akaamua kukiandika upya kwa lugha mpya ya programu.

Kikwazo kilikuwa Bawabu. Ndivyo ninavyomwita mwalimu wake wa zamani, maana hakuna mstari unaoingia kwenye mfumo ule bila yeye kuukagua, na mfumo wote umeandikwa kwa lugha ya ujana wake. Alipopiga simu ya video, niliacha kukanyaga cherehani nisikilize.

"Binti yangu, lugha yako nzuri, sikatai. Lakini ukiondoka kesho, nani atakitunza hicho kipande?"

"Watu watajifunza, Mwalimu."

"Watajifunza, watajifunza! Nitajie hata mmoja."

Nilimchukia yule mzee, hasa kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

"Haya," mzee akasema, "nionyeshe kosa moja ambalo mimi nililipitisha na lugha yako ingelikataa. Hapo tutaongea."

Mke wangu akaanza kukihamishia lugha mpya mstari kwa mstari. Alipofika mahali fulani, kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi yake yawe kazi ya mashine, ikagoma. Akabadilisha, ikagoma tena. Siku nzima ikawa vuta nikuvute. Mara nikasikia kiti kinaanguka.

"Baba watoto, njoo! Acha hiyo suruali!"

Kompaila haikuwa na ukaidi wowote, ilikuwa na haki. Kazi ikifutwa, sehemu moja ya programu inaachia nafasi yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na sehemu nyingine bado inaandika palepale. Lugha ya zamani haikuwahi kuuliza.

"Yaani nashona mfuko kwenye suruali ambayo mteja ameshaondoka nayo?"

"Hapohapo!"

Akarekebisha, akanipa kazi ya kutuma karatasi za vipimo kwa printa na kuzifuta katikati. Programu ya zamani iliganda baada ya majaribio machache. Kwa ile mpya nilituma, nikafuta, nikatuma, nikafuta, karatasi zikatapakaa sakafuni, na kompyuta ikadunda vilevile. Nikapiga vigelegele, mwanamume mzima, hadi jirani akachungulia.

Mke wangu akatafuta aliyeandika mahali pale pabovu. Bawabu mwenyewe.

"Nitamwambiaje?" akauliza.

"Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Mzee alisikiliza kwenye simu ya video, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikajua tumekwisha. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Tuma kazi yako, mwanangu."

Kazi ikakubaliwa. Kwa watunzaji wa mfumo ule, juu ya kila kipande huandikwa jina la mtunzaji, na ukiliandika lako, umekubali kusumbuliwa na kila hitilafu yake. Mke wangu akafungua aone jina lake. Lilikuwepo. Chini yake palikuwa na jina la pili, la Bawabu, na ujumbe wake mfupi:

"Ulisema watu watajifunza. Nimeanza mimi."