Aliyenizuia Kumnyonyesha Mtoto Wangu Ndiye Aliyetoa Ng'ombe wa Mahari Yangu

Admin, nifichie jina, maana Keroka ni ndogo na watu watanijua haraka. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa kike. Nafanya kazi ya keshia katika duka la jumla la shangazi wa mume wangu. Mume wangu naye ndiye dereva wa lori la duka hilo hilo.

Nilijifungua kwa upasuaji. Kabla mshono haujapona, shangazi alikuja nyumbani na mkate na sukari, akamwangalia mtoto, kisha akaniambia, "Jumatatu nakutaka kwa kaunta. Kuzaa si ugonjwa."

Nikamwambia kwa heshima, "Shangazi, nasikia sheria inampa mama miezi mitatu ya likizo na mshahara wake."

Akacheka. "Hiyo sheria iko Nairobi. Pale dukani ni kwangu."

Mume wangu alikuwa ameketi hapo. Aliendelea kunywa chai yake.

Nikarudi kazini nikitembea nimeinama. Dada yangu mdogo alikuwa akiniletea mtoto mchana nimnyonyeshe stoo, juu ya magunia ya mchele. Shangazi alipogundua, alimkataza askari wa geti asimfungulie tena. "Hapa si zahanati," alisema. Basi dada akawa anasimama nje ya geti, mtoto analia mpaka sauti inakauka, na mimi niko ndani nawarudishia watu chenji huku nikimsikia.

Akina mama mnajua. Ukimsikia mtoto wako akilia, maziwa hutoka yenyewe. Siku moja ya soko, foleni ikiwa ndefu, sare yangu ililowa yote mbele. Nikaomba niende chooni dakika chache tu nijikamue. Shangazi akapaza sauti ili kila mtu asikie: "Wateja wangu, mtusamehe. Hapa tunauza maziwa ya pakiti. Haya ya kifua bado hatujaleta stoki."

Watu walicheka. Mwanamume mmoja akauliza bei yake ni ngapi. Sikuruhusiwa kutoka. Nilihudumia foleni yote machozi yakinidondoka, na akina mama wenzangu waliokuwa wamebeba watoto mgongoni wakaendelea kunisogezea bidhaa zao.

Titi la kushoto lilifanya jipu, likapasuliwa hospitalini Kisii. Baada ya hapo maziwa yakakauka kabisa. Mtoto wangu sasa anakunywa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, na tumbo linamsumbua kila wakati. Shangazi alipopata habari, alinipigapiga begani akasema, "Unaona? Sasa umepona. Utafanya kazi vizuri."

Nilidhani nimezoea. Lakini wiki iliyopita mfanyakazi mwenzetu, nitamwita Kwamboka, alienda kumwomba shangazi likizo kwa sababu mimba yake imekuwa kubwa. Shangazi akaniita mbele ya wote. "Mwambie huyu vile wewe uliweza. Mwambie, mtoto wako alikufa?"

Nikajibu, "Hapana, shangazi. Hajafa."

"Umesikia?" akamwambia Kwamboka.

Jioni Kwamboka alinifuata, macho mekundu. "Mimi naenda Kisii, ofisi ya leba inayoshughulikia haki za wafanyakazi. Nikienda peke yangu watasema nina kinyongo changu tu. Twende na wewe, uwaambie yaliyokupata."

Nilipomweleza mume wangu, alisimama ghafla. "Ng'ombe walioenda kwa baba yako kule Sironga walitoka kwa nani? Si kwa shangazi? Ukimpeleka leba, mimi kesho sina lori, na wewe huna mlango wa kurudi." Mama mkwe akanipigia simu baadaye akasema nikifanya hivyo nitakuwa nimeivua familia nguo sokoni. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza mtoto amelalaje.

Kwamboka anataka jibu Jumatatu. Nikienda naye, nimepoteza ndoa na kazi zote mbili za nyumba yetu. Nikikataa, nitaketi kaunta nikimsikia mtoto wake pia akilia nje ya geti.

Ndugu zangu, hasa nyinyi mliowahi kunyonyesha, niambieni ukweli hata kama utaniuma. Niende Kisii, ama ninyamaze?