Springi za Gari na Magoti ya Mama Mkwe

Kuna watu hununua gari la kupanda milima ili wapande milima. Mimi nilinunua langu nikaliegesha chini ya kibanda nyumbani, hapa Bariadi, na kuku wakalipenda. Mke wangu akawa anaokota mayai kwenye kiti cha nyuma. Majirani walisema gari lile lilisafiri zaidi likiwa melini kuliko tangu lifike kwangu. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikifika stendi tu, naanza kukumbuka kiti changu cha barazani.

Safari moja ndiyo sikuweza kuikwepa: ya Zagayu, kwa mama mkwe. Magoti yake yalikuwa yameanza kumkatalia, na kila baada ya wiki mbili ilibidi tumfuate tumlete kliniki mjini. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimshika kiuno na kumpandisha, maana gari ni refu hasa. Mimi wakati huo huwa upande wa pili, nakagua tairi ambazo hazina tatizo lolote. Kwetu Wasukuma mkwilima hamgusi mama mkwe wake, na kumkazia macho ni utovu wa adabu. Ndani ya gari yeye hukaa nyuma, nami hugeuza kidogo kile kioo cha juu ili macho yetu yasikutane.

Siku moja mke wangu alikuwa msibani Mwandoya, nikaenda peke yangu nikijua nitawakuta wake za shemeji zangu. Wote walikuwa shambani wanavuna pamba. Nyumbani alikuwepo mama mkwe tu, amekwisha kuvaa, mkoba mkononi.

Nikafungua mlango, nikageuka, nikatazama ng'ombe. Lakini masikio hayageuki. Nilisikia kandambili ikidondoka. Nikasikia goti likigonga bati. Akajaribu tena, akapumzika, akasema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo, halafu nikasikia anapanda kwa viganja na magoti, kama mtoto anayetambaa. Ng'ombe wale niliwahesabu mara tatu. Walikuwa wanane.

Alipokwisha kukaa akaliambia dirisha, maana mimi haniambii moja kwa moja: "Gari hili lilitengenezewa twiga."

Jioni mke wangu alipopiga simu nikamwambia, "Nalishusha hili gari. Fundi abadilishe springi, likae chini, mama apande bila taabu."

Akasema, "Mume wangu, Mungu akubariki." Sijawahi kubarikiwa kwa simu. Kesho yake habari ikamfikia mama yake, na Jumapili kigango kizima kikajua kwamba kuna mkwe anashusha gari kwa ajili ya magoti ya mkwe wake. Wiki haijaisha, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, akaja na furushi la matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa. Mama alikuwa ameviandaa mwenyewe, akiwa na magoti yale yale.

Shemeji akang'ang'ania tuongozane kwa fundi.

"Kaka, njia ya huko ikoje?" fundi aliuliza akiwa chini ya gari.

"Ya kawaida."

"Kawaida ya lami au kawaida ya kwetu?"

Shemeji akadakia. "Kuna korongo pale, mawe yake kama vichwa vya ng'ombe. Mvua ikinyesha ni tope jeusi tupu. Muulize shemeji, si ndiko nilikosukuma mpaka nikaacha kiatu?"

Fundi akachomoza kichwa. "Basi ukilishusha, hapo hupiti. Ekzosi utaiacha huko huko. Mimi nakushauri nikuchomelee kikanyagio hapa pembeni. Mama anakanyaga, anapanda, basi. Asubuhi moja tu, kazi imekwisha."

Mtu mwenye shida ya magoti ya mkwe angemkumbatia fundi yule na grisi yake yote. Mimi nikasema, "Hapana. Shusha tu."

Shemeji akanitazama. Akalitazama gari. Akanitazama tena, na tabasamu likaanza kumtambaa usoni.

"Ahaa! Shemeji! Kumbe habari si mama apande. Habari ni wewe usifike!"

Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Mafundi wa jirani wakaacha spana zao. "Mkwilima," mmoja akapaza sauti, "kama umechoka ukwe sema, springi zimekukosea nini?"

Nilicheka nao. Ningefanya nini? Lakini masikio yalikuwa yanawaka, kwa sababu alikuwa amepatia. Siku ile ile ya ng'ombe wanane, tulipokuwa tunavuka korongo, mama mkwe bado anasugua goti lake nyuma yangu, nilikuwa nimeyapima yale mawe kwa macho. Gari likiwa chini halipiti, na gari lisipopita nani atamlaumu dereva? Ningebaki barazani kwangu nikisikitika kama watu wengine.

"Chomelea kikanyagio," nikamwambia fundi.

Matobolwa niliyala yote, siwezi kudanganya. Ila sikuyala mbele ya mke wangu.

Siku ya kliniki ilipofika tulienda wote wawili. Mama mkwe akakiangalia kikanyagio, akakijaribu kwa mguu mmoja, akapanda huku bintiye amemshika kiwiko tu. Akakaa, akapanga kitenge chake vizuri.

"Wabeja," akashukuru, bila kusema anamshukuru nani. Halafu akamgeukia mke wangu. "Mdogo wako kanisimulia ya kwa fundi. Mwambie mumeo, hilo korongo nimelivuka kwa miguu tangu nikiwa msichana. Siku akichoka kufika huku, aseme tu. Nitavuka nimsubiri upande wa mjini."

Mke wangu hakunifikishia ujumbe. Nilikuwa nimekaa mbele yao, gari halijawashwa, hakuna kelele yoyote ya kujifichia.

Nikanyoosha mkono kwenye kioo cha juu. Kwa heshima ya ukwe ilitosha kukigeuza kidogo, kama siku zote. Siku hiyo nilikisukuma mpaka kikaonyesha dari tu, kisha nikawasha gari, tukashuka polepole kuelekea korongoni.